Usiku 128: kisa cha baba anayelipa matunzo na kuomba posho ya familia Australia

"Dada, mimi nalipa matunzo kila mwezi. Sijaruka hata mwezi mmoja. Sasa wananiandikia eti sistahili posho ya watoto. Watoto wa nani basi?"

Baba Neema aliyasema hayo barua ikiwa mkononi, imekunjwa mara nne. Kisa chake si cha mtu mmoja. Nimekisuka kutokana na hali zinazojirudia kwa akina baba wa jamii zetu huku Australia waliotengana na mama wa watoto wao, na jina nimempa mimi. Hesabu na kanuni ni za kweli, na nimeamua kuzieleza kwa urefu. Watu wanagombana na kufungiana simu kwa sababu ya kanuni ambazo hakuna aliyewahi kukaa nao chini akawaeleza.

Hali yenyewe ni hii. Baba na Mama Neema walitengana miaka miwili iliyopita. Neema ana miaka saba, yuko shule. Mdogo wake ana minne na siku kadhaa za wiki huenda kituo cha kulelea watoto. Baba anafanya kazi ghalani, mama anahudumia wazee. Walipotengana waliandika makubaliano: watoto watalala kwa baba Ijumaa na Jumamosi kila baada ya wiki moja, Jumatano usiku kila wiki, na nusu ya likizo zote za shule. Muda uliobaki wako kwa mama. Serikali ikakadiria matunzo, na baba akaanza kulipa.

Mwezi wa Julai, mwaka mpya wa fedha ulipoanza, rafiki yake kazini alimwambia kwamba hata baba anaweza kuomba Family Tax Benefit, posho ya familia ya serikali ya shirikisho. Akaomba. Fomu ilipomuuliza watoto wanakaa kwake kiasi gani, akajaza nusu kwa nusu. Mama alipoulizwa, akasema watoto huenda kwa baba yao wikendi tu. Ofisi ikawataka wote wawili walete ushahidi, ikasoma makubaliano yao, ikaamua kwamba baba ana asilimia 33 ya malezi. Ombi likakataliwa.

Naamini hakuna kati yao aliyekusudia kudanganya. Baba aliandika nusu kwa sababu moyoni mwake ni nusu: anawawaza watoto wake kila siku, analipa, ananunua viatu. Mama alisema wikendi tu kwa sababu Jumatano watoto wanaondoka jioni na kesho yake mchana wamerudi, kwa hiyo kwake haionekani kama siku iliyokwenda. Kila mmoja alihesabu uchovu wake mwenyewe.

Katika jamii zetu nasikia imani mbili juu ya jambo hili, na zote zinapotosha. Ya kwanza: baba anayelipa matunzo hawezi kupata posho, kwa kuwa serikali imeshamweka upande wa walipaji. Ya pili ndiyo aliyokuja nayo Baba Neema: kwa kuwa nalipa, nina haki ya kupata. Ukweli ni kwamba kulipa matunzo hakumpi mtu posho na hakumnyimi. Haya ni maswali mawili yanayotoka katika sheria mbili. Mfumo wa matunzo, ulioundwa kwa sheria za 1988 na 1989 na kuanza kutumia kanuni ya sasa ya ukokotoaji tangu Julai 1, 2008, unauliza: gharama za watoto hawa wazazi wazigawane vipi? Posho ya familia, iliyoanza Julai 1, 2000, inauliza: mtoto anaishi chini ya paa la nani, na paa hilo lina kipato gani? Daraja kati ya maswali haya ni asilimia ya malezi. Tangu Julai 1, 2010 asilimia inayoamuliwa ndiyo inayotumika pande zote mbili, kwa hiyo kwa kawaida mtu hawezi kuwa na asilimia 20 kwenye matunzo na 40 kwenye posho.

Asilimia hiyo kwa kawaida hupatikana kwa kuhesabu siku za kulala, yaani usiku ambao mtoto analala kwako, katika miezi 12.

Tulichukua kalenda, tukaketi. Mwaka wa shule una takriban wiki 40 za masomo na 12 za likizo. Katika kila wiki mbili za masomo watoto wanalala kwa baba mara nne: Ijumaa, Jumamosi na Jumatano mbili. Wiki 40 ni vipindi 20 vya namna hiyo, basi ni siku 80 za kulala. Nusu ya likizo ni wiki 6, sawa na siku 42. Jumla 122. Ukigawanya kwa 365 unapata asilimia 33 na kitu, na kanuni inasema kwamba chini ya 50 sehemu iliyozidi inadondoshwa. Kwa hiyo ofisi haikumwonea. Alikuwa na 33.

Ili kupata posho ya familia unahitaji angalau asilimia 35, ambazo ni siku 128 kwa mwaka. Siku 127 ni asilimia 34, na 34 haipati kitu. Baba Neema alipungukiwa siku sita.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo huulizwa na wengi: "Kwa hiyo hizo siku 122 hazina maana yoyote?" Zina maana, na hapa ndipo akina baba wengi wanaacha haki yao mezani, kwa sababu wakishasoma neno "hustahili" wanaitupa barua na mambo yote. Kuanzia asilimia 14, yaani siku 52 kwa mwaka, mzazi anahesabiwa kuwa na malezi ya kawaida. Kwenye matunzo, mtu wa asilimia 14 hadi 34 anahesabiwa kuwa tayari anabeba asilimia 24 ya gharama za watoto kwa kuishi nao tu, na kiasi anacholipa kinapunguzwa kwa kadiri hiyo. Tena, hata bila posho yenyewe anaweza kustahili msaada wa pango kama amepanga nyumba ya mtu binafsi, pamoja na kadi ya nafuu ya dawa na matibabu. Na asilimia hiyo 14, au siku mbili za kulala kila wiki mbili, inatosha kuomba ruzuku ya malezi ya mchana, ile inayopunguza ada ya kituo, ilimradi ada ya siku hiyo iwe inadaiwa kwa jina lake. Huyu baba alikuwa anampa mama fedha taslimu za kituo kwa siku ya Alhamisi, ambayo mtoto hutokea kwake asubuhi. Alikuwa anatoa fedha nyingi kuliko inavyohitajika, wala hakuna palipoandikwa kwamba ametoa.

Niseme jambo moja hapa kuhusu fedha za mkononi. Viatu, sare, fedha za kituo alizopewa mama jikoni: vyote ni vya mapenzi na watoto wanavihitaji, lakini kwa kawaida havihesabiwi kuwa matunzo yaliyolipwa mpaka mama akubali kwamba vilikuwa sehemu ya matunzo. Nimewaona wanaume wakijaza mifuko ya risiti kwa miaka. Risiti hizo hazibadilishi asilimia ya malezi hata kidogo.

Tukiwa bado na kalenda mbele yetu, nilimuuliza anawarudisha watoto saa ngapi Jumapili. Akajibu kama mtu anayejibu jambo dogo: "Zamani saa kumi jioni, maana nilikuwa naingia zamu ya usiku. Tangu Aprili niko zamu ya mchana, basi wanalala, Jumatatu nampeleka Neema shule mwenyewe."

Makubaliano yalisema Jumamosi. Maisha yalishasogea hadi Jumatatu asubuhi. Mama anajua, mwalimu wa Neema anajua, ila ofisi haikuambiwa na mtu.

Siku moja zaidi katika kila wiki mbili za masomo ni siku 20 kwa mwaka. Ongeza juu ya 122, unapata 142. Hizo ni asilimia 38. Kwa hiyo swali la Baba Neema lilikuwa na majibu mawili kwa vipindi viwili: kabla ya Aprili hakustahili, baada ya Aprili alikuwa amevuka mstari, bila kujua.

Lakini hapo pana mtego wa muda. Malezi yakibadilika, taarifa inatakiwa ndani ya siku 28. Ukichelewa, kwa upande wa matunzo siku zilizoongezeka zinaanza kuhesabiwa tangu siku uliyotoa taarifa, wala si tangu siku watoto walipoanza kulala kwako. Yeye alikuja kusema Oktoba. Miezi ya katikati imekwenda. Na aliyepungukiwa siku za kulala naye ana wajibu wa kusema, kwa kuwa posho aliyopokea zaidi ya asilimia yake anaweza kudaiwa airudishe. Kimya cha miezi sita kilimnyima baba na kumweka mama katika hatari ya deni, na wote wawili walikaa kimya kwa sababu moja: waliona mambo yanakwenda vizuri, kwa nini wayaguse?

Uamuzi wa asilimia ukitoka na usiridhike nao, kwa upande wa matunzo upinge ndani ya siku 28 ukitaka mabadiliko yahesabiwe tangu mwanzo. Baada ya hapo kuna baraza la mapitio, Administrative Review Tribunal, lililochukua nafasi ya lile la zamani Oktoba 14, 2024. Baba Neema hakuhitaji kupinga, kwa kuwa uamuzi wa 33 ulikuwa sahihi kwa karatasi zilizokuwepo. Alichohitaji ni kutoa taarifa ya mabadiliko, na kuleta ushahidi wa Jumatatu: daftari la mapokezi ya shule, ratiba yake ya kazi kabla na baada ya Aprili, ujumbe wa simu kati yake na mama.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoitaka kila baba aisome mara mbili.

Posho hii haiongezeki mzazi wa pili anapoingia. Inagawanywa. Baba mwenye asilimia 38 ya malezi anapewa asilimia 31 ya posho: unaanza na 25 kwenye alama ya 35, kisha unaongeza mbili kwa kila alama iliyozidi. Mama, ambaye amebaki na siku 223, anahesabiwa asilimia 62 ya malezi na 69 ya posho. Kabla ya hapo alikuwa anapata yote. Kila dola 100 alizokuwa akipokea zinabaki 69.

Na si hilo tu. Asilimia hiyo hiyo inaingia kwenye matunzo. Tuchukulie mapato ya baba ni asilimia 64 ya mapato ya wazazi wote wawili yanayohesabiwa, na gharama za watoto hawa kwa jedwali la serikali ni dola 20,000 kwa mwaka. Akiwa na siku 122, unatoa 24 kwenye 64, inabaki 40: analipa dola 8,000. Akiwa na siku 142, unatoa 31, inabaki 33: analipa 6,600. Mama anapungukiwa dola 1,400 za matunzo mwaka huohuo anaopungukiwa karibu theluthi ya posho. Kiasi fulani kinaweza kurudi, kwa sababu sehemu ya A ya posho (posho hii ina sehemu mbili, A na B) hukatwa senti 50 kwa kila dola ya matunzo anayopokea kupita kiwango kilichosamehewa, na matunzo yakishuka makato nayo hushuka. Hilo halizibi pengo. Pango la nyumba yake halikupungua kwa sababu watoto wanalala kwingine Jumapili moja katika kila wiki mbili.

Na zile dola 31 zilizotoka kwa mama, je, zinafika kwa baba? Si lazima. Posho hupimwa kwa kipato cha anayeiomba, na kipato cha baba ni kikubwa zaidi. Kiko kiwango ambacho ukikipita, sehemu ya A inaanza kupungua senti 20 kwa kila dola. Baba mwenye mapato makubwa anaweza kukuta fungu lake limekuwa dogo sana au limeisha kabisa, ilhali la mama limeshakatwa, kwa kuwa lake linapimwa kwa siku za kulala za watoto, si kwa kama baba amepokea au hakupokea. Nimeona familia ambamo nyumba zote mbili, zikijumlishwa, zilipungukiwa.

Kwa haki ya baba niseme pia kanuni inayomsaidia, ambayo hakuijua. Kipato kinapopimwa kwa ajili ya posho, matunzo anayolipa yanaondolewa kwanza. Akipata dola 74,000 na kulipa 8,000, anahesabiwa 66,000. Matunzo yakipitia kwenye makusanyo ya serikali, kiasi hicho kinajulikana. Wazazi wakilipana wenyewe, ni juu yake kukitaja. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo kulipa kwake kunamfaa moja kwa moja kwenye posho, na ndiyo anayoisahau karibu kila anayenijia akisema "mimi nalipa".

Nilimwekea hesabu zote hizi kwenye karatasi moja, upande wa baba na upande wa mama, nikamwachia aisome. Najua wapo watakaosema haikuwa kazi yangu kumwonyesha upande wa mama, kwamba alikuja kwa ajili ya haki yake. Siamini hivyo. Baba anayetafuta siku sita ili avuke mstari, bila kujua siku hizo zinatoka katika bajeti ya nyumba ambayo wanawe wanalala mara 223 kwa mwaka, hajapewa maelezo kamili. Na mama anayeng'ang'ania watoto Jumapili usiku ili baba asifike 128, naye nimemwona, na mtoto anajua. Neema ana miaka saba. Anajua ni kwa nini watu wazima wanahesabu vidole wakiitazama kalenda.

Hata hivyo Jumapili za Baba Neema hazikuzaliwa na posho. Zilianza Aprili, kazi ilipobadilika, miezi mitatu kabla hajasikia habari za kuomba chochote. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiangalia kabla ya kumshauri. Malezi halisi yanastahili kuandikwa, hata kama kuandikwa kwake kunampunguzia mtu mwingine, kwa sababu uwongo wa karatasi huja kumwangukia mmoja wao kama deni.

Kwa akina baba walio bado zamu za usiku, neno moja kabla sijaendelea. Ukilea watoto mchana kutwa, wakala kwako, ukawaogesha, kisha wakaenda kulala kwa mama kwa sababu wewe unaingia kazini saa nne usiku, siku za kulala hazitakuonyesha. Sheria inaruhusu malezi kupimwa kwa saa pale ambapo usiku hautoi picha ya kweli. Ni lazima uliombe hilo na ulete ratiba.

Baba Neema alimpigia mama watoto. Sikuwepo, ila walikuja wote wawili wiki iliyofuata, wakakaa viti viwili vyenye nafasi katikati. Mama Neema aliisoma karatasi yangu kimya, akafika kwenye 69, akauliza: "Na kama tukiacha kama ilivyoandikwa?" Nikamjibu kwamba ilivyoandikwa si ilivyo, na siku mtu akiuliza shule, deni litakuwa la jina lake. Akamgeukia baba watoto: "Kwa hiyo unanipunguzia kote kote." Baba akasema: "Kituo nitalipa mimi. Siku mbili, si moja. Kwa jina langu."

Ndivyo walivyofanya. Walitoa taarifa pamoja: siku 142, tangu Aprili. Ada ya kituo ya Jumatano na Alhamisi ikahamia kwa baba, naye akaomba ruzuku ya malezi ya mchana kwa siku hizo. Kwa hesabu zangu hilo linamrudishia mama sehemu nzuri ya kilichopungua, ingawa si chote, na lilimfanya avute kiti karibu na meza. Fungu la baba la posho likaja dogo, kama nilivyohofia. Hakulalamika.

Wakati wanaondoka Mama Neema alikumbuka jambo. Desemba anataka kwenda nyumbani na watoto kumwona bibi yao, wiki tano. Posho kwa kawaida huendelea hadi wiki sita mkiwa nje ya nchi, kwa hiyo hilo si tatizo. Lakini likizo ya kiangazi ni kama wiki sita, na tatu zake ni za baba. Watoto wakisafiri wiki tano, yeye anabaki na moja. Tulirudi mezani. Siku 14 kutoka kwenye 142 zinabaki 128.

Baba Neema aliitazama namba hiyo. Kisha akamuuliza mama watoto kama anaweza kupewa likizo yote ya Aprili, akaandika kwa kalamu ya risasi.